Cheki ya mteja inaandikwaje vitabuni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye biashara ndogo

M-Pesa imetuzoesha vibaya. Pesa ikiingia simu inalia, unaangalia, umemaliza. Halafu siku moja unapata oda ya kupeleka rangi shuleni ama samaki hotelini, na huko hakuna mambo ya till, ni cheki, na cheki moja ina tarehe tatu nne za kufuata na kila mtu hapo dukani anaandika ile anaijua yeye. Haya ndio maswali wenye biashara ndogo hapa Mombasa na kwingine Kenya wananiuliza sana. Hesabu zote ni shilingi ya Kenya. Kama uko Tanzania ama Uganda namna ya kuandika ni ile ile, ila mambo ya kodi na viwango vya benki ulizia hukohuko.

Nimepewa cheki leo, niandike leo ama ile siku pesa itaingia benki?

Leo. Lakini usiandike kwamba iko benki, kwa sababu haiko benki, iko kwa droo yako. Fungua akaunti inaitwa "cheki mkononi". Siku unapokea: debiti cheki mkononi (hapo inaingia), krediti mteja (deni lake linashuka). Siku unaipeleka benki: debiti benki, krediti cheki mkononi. Kama wewe hufanyi debiti na krediti na una daftari tu, basi weka safu ya cheki kando na safu ya benki, ukiipeleka unaitoa huku unaipeleka kule.

Faida yake utaiona Ijumaa jioni ukiuliza "tuna cheki ngapi hapa hazijapelekwa" na jibu linapatikana bila kupekua droo.

Si ni kujisumbua? Mimi naandika moja kwa moja benki

Kama unapata cheki moja kwa mwezi na unaipeleka siku hiyohiyo, sawa, hutakufa. Ukianza kupata tano sita zinazokuja siku tofauti na unazipeleka pamoja, hapo ndio utajua hujui. Vitabu vinaonyesha 40,000 Jumatatu na 35,000 Jumatano, stetimenti ya benki inaonyesha 75,000 Alhamisi, na mtu anayelinganisha anatafuta vitu ambavyo havipo. Wanaotumia QuickBooks, ile programu ya hesabu, wanayo akaunti kazi yake ni hiyo tu, inaitwa Undeposited Funds: malipo unayaingiza huko kwanza, halafu siku ya benki unachagua zile cheki ziko kwa slipu moja unazipeleka pamoja. Nimeona vitabu ambavyo hiyo akaunti ina cheki za miaka miwili zimelala, yaani mtu alikuwa anapokea kwa programu bila kufanya ile hatua ya pili, na pesa zenyewe zilishaingia benki na zikaandikwa tena kama mauzo mapya. Mauzo mara mbili, kodi mara mbili. Ifungue leo uangalie, ikiwa na salio ambalo hulielewi anza kazi hapo.

Niandike nini hasa kuhusu cheki yenyewe?

Namba ya cheki, benki na tawi, jina la mwenye akaunti (sio la yule dereva aliyeileta), tarehe iliyoandikwa juu yake, tarehe uliyoipokea, kiasi, inalipa invoisi gani, siku uliyoipeleka benki, na siku iliyoiva, yaani siku pesa yake imekuwa tayari kutolewa. Hiyo ya mwisho watu wengi wanaiacha wazi na ndiyo yenye maana kuliko zote.

Na kabla hujaandika chochote isome cheki palepale mbele ya aliyekupa. Kiasi kwa maneno kilingane na tarakimu, jina la biashara yako liwe sawa na lile liko benki, saini ziwepo zote, tarehe isiwe imepita miezi sita. Ikiwa imekwaruzwa ama imefutwafutwa usiichukue hata kama wamesaini hapo pembeni, waambie wakuandikie nyingine. Tangu 2011 benki zinatumiana picha ya cheki badala ya karatasi yenyewe na kitu chenye alama za kufuta kinarudi haraka sana. Ni aibu ya dakika mbili hapo ofisini kuliko kurudi tena baada ya wiki ukaambiwa msaini mmoja yuko Nairobi.

Mhasibu wa hoteli anasema nilete risiti kwanza ndio anipe cheki. Ni sawa?

Ni kawaida yao, wanataka kufaili risiti na vocha yao pamoja. Mpe, lakini hakikisha risiti imeandikwa "kwa cheki namba fulani, ya benki fulani" na chini uweke maneno kama "risiti hii ni halali cheki ikishaiva". Tengeneza muhuri wa hayo maneno upige kila mara. Risiti iliyoandikwa tu "tumepokea 86,000 kwa shukrani" haisemi kama ulipewa noti ama karatasi, na siku ikigeuka vita itasomwa kama ulilipwa.

Cheki imekuja pungufu kuliko invoisi, nimemuuliza mteja anasema wamekata kodi. Nafunga deni ama bado ananidai... yaani namdai?

Hili swali ndilo linaharibu vitabu vya watu wengi kwa hivyo nitakaa nalo kidogo.

Tuseme umeuzia kampuni kubwa rangi ya 100,000, umeweka VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%, invoisi ikawa 116,000. Cheki imekuja 114,000. Ile 2,000 haijaibiwa. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, imeteua wateja fulani wawe mawakala wa kuzuia VAT, na wakikulipa wanazuia 2% ya thamani ya bidhaa kabla ya VAT wanaipeleka KRA kwa jina lako. Kwa hivyo mteja amemaliza deni lake lote: 114,000 kwako, 2,000 kwa KRA.

Unaandika hivi: debiti cheki mkononi 114,000, debiti akaunti ya "VAT iliyozuiliwa" 2,000, krediti mteja 116,000. Deni la mteja linakuwa sifuri. Na ile 2,000 sio hasara na sio gharama, ni pesa yako iko KRA, utaitumia kupunguza VAT ya kulipa. Cheti chake kinatokea kwa iTax, mtandao wa kodi wa KRA, na bila cheti hutaweza kuidai, kwa hivyo kila mwezi ingia ulinganishe vyeti na akaunti yako, kisichoonekana mpigie mteja simu mapema wakati bado wanakumbuka.

Makosa ninayoyaona ni mawili. Mmoja anaandika mauzo kuwa 114,000 ili vitabu vilingane na benki, hapo amepunguza mauzo na VAT yake haitalingana na invoisi alizotoa kwa eTIMS, mfumo wa invoisi wa KRA. Mwingine anaacha 2,000 kwa mteja kama deni, baada ya mwaka mteja "anadaiwa" elfu sitini na msichana wa ofisi anaanza kumpigia simu za deni mtu ambaye alishalipa kila kitu.

Kukiwa na kazi ndani yake inaongezeka nyingine. Ukipaka rangi jengo lao kwa kontrakti ya 200,000, na VAT 32,000, jumla 232,000, watakata VAT ya zuio 4,000 na tena kodi ya zuio ya mapato 3%, yaani 6,000, cheki ije 222,000. Ukiwa umefanya kazi ya ushauri ama ya kitaalamu hiyo ya mapato inakuwa 5%. Hizi mbili ziweke akaunti tofauti, usizichanganye hata kama zimekatwa siku moja na mtu mmoja, kwa sababu moja inapunguza VAT ya kila mwezi na nyingine inapunguza kodi ya mapato ya mwaka.

Na kama mteja sio wakala aliyeteuliwa na amekata VAT ya zuio kichwani mwake tu? Basi hajalipa, deni liko palepale, muombe cheti na ataanza kukohoa.

Cheki moja imelipa invoisi tano na hawajasema ni zipi

Omba orodha ya malipo, ile karatasi inayoambatana na cheki. Mahoteli na mashule wanayo, ni vile hawakupi usipouliza. Ikikosekana kabisa anza na invoisi ya zamani kuliko zote ushuke, lakini mwandikie mteja meseji "nimeweka hivi na hivi" ili asije kesho akasema ile ya Machi alikuwa anaipinga. Kuna wanaolipa kiasi cha mviringo, 50,000 kila mwezi bila kujali invoisi, hao weka tu kwa akaunti yao na salio liendelee kushuka, usijitie kulazimisha kila shilingi iwe na invoisi yake.

Wakizidisha, iliyozidi ibaki kwa akaunti yao kama krediti. Sio mauzo hiyo.

Mteja amenipa cheki tatu za tarehe za mbele, moja kwa kila mwezi. Naandika zote leo?

Hapana. Cheki ya tarehe ya mbele ni ahadi imeandikwa vizuri. Ziandike kwa rejista ya pembeni (ama hata kwa kalenda ukutani, mimi sichagui), zifungie mahali salama, na deni la mteja libaki vilevile mpaka tarehe ya kila moja ifike. Ikifika ndio inaingia cheki mkononi, inakwenda benki.

Ukiziandika zote leo, vitabu vitasema mteja hana deni na wewe una pesa, mke ama mume wako ataona salio kubwa, utaagiza stoki kwa hesabu hiyo. Halafu kuna VAT. Watu wanadhani cheki ya tarehe ya mbele inasogeza VAT mbele pia, wapi. Ukishapeleka mali ama ukishatoa invoisi, VAT ni ya mwezi huo na inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama cheki itaiva baada ya miezi mitatu. Kwa hivyo ukikubali kulipwa kwa awamu, ile awamu ya kwanza angalau itoshe VAT yote. Hili liseme wakati wa kupatana bei sio baadaye.

Cheki imebaunsi, benki imeirudisha bila kulipa. Nifute yale malipo?

Usifute. Malipo yaliingia, yakarudi, na vitabu vionyeshe yote mawili kwa tarehe zake. Cheki ilikuwa 48,000 na benki yako imekukata tuseme 500 kwa kurudishiwa: debiti mteja 48,000, krediti benki 48,000. Halafu ile 500, kama mlikubaliana mteja atalipia weka debiti mteja, kama hamkukubaliana ni makato ya benki, ni gharama yako, krediti benki 500. Kwenye maelezo andika namba ya cheki na sababu iliyoandikwa kwa ile karatasi ya kurudishwa.

Mauzo usiyaguse! Invoisi haifutwi na hakuna krediti noti (karatasi ya kupunguza invoisi) hapa, mali ilikwenda na deni lipo, kilichoshindikana ni malipo tu. Krediti noti utatoa mali ikirudi.

Isome ile sababu kabla hujaanza kumtukana mtu. Ikiwa maneno na tarakimu hazilingani ama saini haifanani, huyo huenda ana pesa na shida ni ya karani wake, omba nyingine. "Refer to Drawer" ni benki inakwambia kwa adabu umuulize mwenyewe, na mara nyingi maana yake akaunti ni kavu. Akiwa amesimamisha malipo, kuna kitu hakikumpendeza kwa mali yako ama anacheza na wewe. Wengine watakuomba uirudishe benki tena Ijumaa, "boss, Ijumaa iko sawa". Kama ni mteja wa miaka sawa, ila itafute pesa taslimu ama M-Pesa ukiweza, kwa sababu ikirudi mara ya pili umekatwa mara mbili.

Sheria ipo. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kutoa cheki ukijua akaunti haina pesa ya kutosha ni kosa, faini isiyozidi 50,000 ama kifungo kisichozidi mwaka mmoja ama vyote viwili. Lakini soma mpaka mwisho: kosa hilo la kukosa pesa halihusu cheki ya tarehe ya mbele. Ndio maana sipendi zile cheki tatu za hapo juu zichukuliwe kama dhamana, mtu anajiona ameshika kitu kumbe akaunti ikiwa tu haina pesa kifungu hicho hakimsaidii, utabaki kumdai kama mtu yeyote mwenye deni.

Mteja ameweka cheki mwenyewe kwa akaunti yangu, amenitumia picha ya slipu kwa WhatsApp anataka mali leo. Nitoe?

Usitoe kwa slipu. Slipu inasema karatasi imepokelewa benki. Huu mchezo hasa ni wa Ijumaa mchana: mtu mpya, oda kubwa, bei hajapinga hata kidogo, lori liko nje injini inanguruma, na kweli ukiangalia akaunti unaona salio limepanda. Angalia vizuri, kuna salio la leja (linahesabu hata cheki ambazo hazijaiva) na kuna salio unaloweza kutoa. Kama la leja limepanda na la kutoa halijasonga, hiyo cheki haijaiva. Kwa kawaida inaiva siku ya kazi inayofuata ikiwa imewekwa kabla ya saa ya mwisho ya benki, na Jumamosi na Jumapili sio siku za kazi, kwa hivyo ya Ijumaa mchana ihesabie Jumatatu ama Jumanne. Lori lirudi likishaiva.

Kwa vitabu: hii haikupitia mkononi mwako, kwa hivyo debiti benki, krediti mteja, tarehe ya slipu, na uweke alama kwamba haijaiva. Na kama huijui ni ya nani mpaka sasa (inatokea, unaona tu cheki imeingia), weka kwa akaunti ya "haijajulikana" usiibandike kwa mteja wa kwanza unayemfikiria.

Ananunua vitu vya 8,000 anataka kuandika cheki ya 20,000 nimpe chenji

Hapana. Duka sio benki. Ikirudi umepoteza mali na pesa taslimu juu.

Cheki imeandikwa jina langu sio la biashara, nimeiweka akaunti yangu binafsi

Deni la mteja limelipwa, kwa hivyo lazima lishuke. Debiti matumizi ya mwenyewe, krediti mteja. Yaani biashara imelipwa na wewe umezichukua hapohapo. Ukizirudisha kwa akaunti ya biashara unaandika kinyume chake. Hiyo ni kama biashara ni yako peke yako. Kama ni kampuni ile pesa ni deni lako kwa kampuni na mhasibu atakuuliza. Waambie wateja jina sahihi, liandike chini ya kila invoisi kwa herufi kubwa.

Ninadai milioni moja na laki mbili, watanipa cheki moja?

Haitapita. Tangu Oktoba 2009 cheki za kuanzia milioni moja hazipitii mfumo wa kawaida wa kubadilishana cheki kati ya benki, pesa hiyo inatumwa kwa RTGS, yaani moja kwa moja kutoka benki hadi benki. Wakikupa cheki mbili za laki sita ziandike kama malipo mawili, kila moja na namba yake, zinaweza kuiva moja na nyingine ikarudi.

Mteja amenipa cheki ya deposit kabla sijaanza kazi. Ni mauzo?

Bado sio mauzo, ni pesa ya mteja uko nayo: debiti cheki mkononi, krediti malipo ya kabla. Kazi ikiisha unaihamisha. Ila ukiwa umesajiliwa VAT, pesa ikipokelewa kabla ya invoisi ama kabla ya kazi, VAT ya kiasi hicho inaanza kuhesabika hapohapo, haisubiri umalize.

Mwisho wa mwezi vitabu vyangu na benki hazilingani

Na hazitakiwi kulingana zenyewe, unazilinganisha. Mfano: kitabu kinasema 342,500, stetimenti inasema 266,000. Kuna cheki ya 76,000 umeipeleka tarehe 31 na haijaonekana, ongeza kwa stetimenti inakuwa 342,000. Kuna makato ya 500 hukuyaandika, toa kwa kitabu inakuwa 342,000. Zimekutana. Makato unayaandika vitabuni. Cheki huiandiki tena, inasubiri tu, na mwezi ujao kitu cha kwanza kuangalia ni kama imetokea. Cheki ambayo haijatokea kwa stetimenti mwezi mzima haiko "njiani", ilirudi na hakuna aliyekwambia, ama bado iko kwa begi la mtu.

Cheki ya tarehe 30 Disemba nimeipokea 31, benki nimeenda Januari. Ni ya mwaka gani?

Ulikuwa nayo 31, kwa hivyo inafunga mwaka ikiwa cheki mkononi na deni limepungua. Ingekuwa imeandikwa tarehe 5 Januari ingebaki deni. Mauzo yenyewe ni ya siku ulipouza, cheki haiyasogezi.

Makaratasi ya cheki niyaweke mpaka lini?

Sheria ya kodi Kenya inataka rekodi za miaka 5. Piga picha kila cheki mbele kabla hujaipeleka, jina la faili liwe namba ya cheki na jina la mteja, kwa sababu benki ikishaichukua huioni tena na slipu zile za karatasi ya joto zinafutika, ukizikuta baada ya miezi ni nyeupe pe.